Mbuzi wa Kwenye Flashi

Tabitha, uko hapo?

Natoka Daraja Mbili kwa yule muuza flashi. Amebandika tangazo kwamba ule mchezo wa vichekesho wa zamani sasa anao mzima, sehemu zote hamsini.

Nikamwambia nataka ile waliyorekodi Momela, marehemu Eliasi anapita nyuma na mkungu wa ndizi. Unajua sina picha nyingine ambamo mume wangu anatembea.

"Imo, mama." Hata hakufikiri! Nikaingiwa na wasiwasi. Nikamuuliza, na ile sehemu mbuzi anaingia kanisani?

"Hiyo ndiyo tamu, mama! Nilicheka mpaka nikalia."

Tabitha, hakuna mbuzi. Nimemtunga pale pale, Mungu anisamehe.

Nikamwambia haya, mweke huyo mbuzi nimwone. Eti umeme umekatika. Na feni inazunguka juu ya kichwa chake!

Alicheka mpaka akalia! Kwa mbuzi wangu!

Flashi nimemwachia.

Sasa wewe ulisema mwanao Godwin alikuwekea sehemu zote. Hiyo ya Momela umeiona kwa macho yako? Kama hujaiona, sema hujaiona.