Samaki wa Maji Chumvi Sebuleni kwa Baba

Tabata, Dar es Salaam
19 Januari 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanasemaje huko? Mimi na Shangazi Brigitha tunaendelea vizuri, joto tu ndilo linatuandama.

Beno akikukabidhi barua hii utakuwa umeshaliona hilo tangi la kioo na unajiuliza binti yako amepatwa na nini. Hao samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe ni wangu. Pale hotelini ninapotunza akwariamu walitaka kuwaondoa, nikawachukua nyumbani. Sasa daktari ameniambia nilale, nisinyanyue hata ndoo, na huyo Beno mume wangu unamjua, wiki nzima yuko na lori njia ya Tunduma. Shangazi hawataki. Anasema wanamkodolea macho akiwa anakula.

Sababu ya kulazwa kitandani Shangazi anasema ameshakueleza. Mara mbili zilizopita mimba haikufika, unajua, na hii ya tatu wanataka kuilinda. Najua kwetu haya si maongezi ya baba na binti. Yalikuwa ya Mama, na Mama hayupo. Kwa hiyo naishia hapo, turudi kwa samaki.

Hao ni wa baharini. Kwenye boksi kuna mfuko wa chumvi yao maalumu, ya jikoni usiguse. Hicho kidude cha plastiki chenye sindano kinapima chumvi, sindano ikae kwenye alama ya kijani. Chakula kidogo mara mbili kwa siku. Umeme ukikatika, washa kipuliza hewa cha betri. Chumvi ikiisha nitakutumia nyingine kwa basi na barua ndani yake, kwa sababu kwenye simu mimi na wewe huwa tunaulizana mvua, halafu tunabaki tunasikilizana tunavyopumua.

Ukichoka nao niambie. Nilifikiri tu kwamba nyumba imekuwa kimya mno tangu Mama aondoke.

Binti yako,
Marsiana


Ifakara
2 Februari 2025

Mwanangu Marsiana,

Marahaba, mama. Magoti yapo, yananiwahisha Misa ya kwanza maana yakishaamka hayalali tena. Mpe Brigitha salamu zangu.

Watu wako walifika salama. Beno anasema kutoka Kidatu aliendesha kama amebeba askofu. Mimi nimefanya kazi posta miaka thelathini na moja na vifurushi vya ajabu nimepokea, kuna jogoo aliwahi kutoboa boksi na kutuwikia kaunta nzima, lakini samaki hai hawakuwahi kunijia.

Tangi nimeliweka sebuleni. Shida ni jumuiya. Alhamisi sala ilikuwa kwangu, na tulipofika fumbo la tatu la rozari nikagundua hakuna aliyefumba macho. Jirani yangu Mama Digna hakusubiri hata wimbo wa mwisho, akaniuliza kama wananona. Nikamjibu hawa si perege. Akasema, sasa unawalisha wa nini?

Yule mkubwa ni mkali. Nikiingiza mkono kufuta kioo ananing'ata. Mdogo anamfuata nyuma kila aendako, na mkubwa akimgeukia anatetemeka mwili mzima. Nilikumbuka mimi na mama yako. Brigitha akisoma hapa na acheke, anatujua.

Nimewawekea chungu kidogo cha udongo kutoka sokoni wapate pa kuingia. Maji yanapungua sana kwa joto hili, lakini usihofu, kila asubuhi nakoroga chumvi yako kwenye jagi na kujazia. Kama ni maji ya bahari yamepungua, basi yaongezwe ya bahari. Ile sindano imepita juu ya kijani, nadhani imechoka kwa safari.

Kuhusu lile jambo lingine, Brigitha alinieleza. Nimesikia.

Baba yako,
Egidius


Tabata
16 Februari 2025

Baba,

Shikamoo. Natumaini hujambo na Mama Digna bado hajawakaanga. Mimi sijambo, miguu tu imevimba kidogo. Barua yako ilinichekesha mpaka Shangazi akaja mbio kuona kuna nini, halafu nikafika kwenye jagi nikaacha kucheka.

Chumvi haipandi hewani, Baba. Yanayoondoka ni maji peke yake. Ni kama mchuzi uliosahauliwa jikoni, unapungua na kuzidi kuwa chumvi, na wewe kila asubuhi unautia chumvi nyingine. Sindano haijachoka, inakulalamikia. Kuanzia leo jazia maji ya mvua matupu uliyokinga vizuri. Usishushe chumvi yote siku moja, utawaua. Chota jagi moja la tangini, rudisha jagi moja la mvua, kila siku hivyo hivyo mpaka sindano irudi kwenye kijani.

Na huyo mkubwa anayekung'ata ndiye jike. Kwa hawa, jike ndiye mkubwa na ndiye mwenye nyumba, kwa hiyo mfano wako haukukosea hata kidogo. Ukiwaona wanasugua chungu kwa midomo, ujue wanajiandaa kutaga.

Mimi niko wiki ya kumi na saba. Zile mbili ziliishia mwezi wa tano, na mwezi wa tano ndio huu unaanza. Naogopa, Baba. Niombee tu, sihitaji unijibu.

Marsi wako


Ifakara
9 Machi 2025

Mwanangu,

Marahaba. Nami sijambo. Samaki ni wazima na sindano imerudi kwenye kijani. Mvua zimeanza, mashamba ya mpunga yamejaa maji hadi barabarani. Naomba kuuliza, kuna chakula chochote cha kuwapa samaki hawa ili wasile vitu visivyofaa kuliwa?

Baba yako,
Egidius


Tabata
23 Machi 2025

Baba yangu,

Shikamoo. Najua u mzima wa mwili, ila barua yako haikuwa nzima. Baba ambaye hata kadi ya Krismasi anaigeuza nyuma ili nafasi imtoshe, ananiandikia mistari sita na kuniuliza kuhusu vitu visivyofaa kuliwa. Nimelala hapa wiki mbili naisoma tena na tena.

Wametaga, wakayala mayai. Ndivyo, siyo?

Ukanificha kwa sababu yangu. Uliona ni vibaya kumwambia mwanamke mwenye hali kama yangu kwamba kuna mama amepoteza mayai sebuleni kwako. Nakufahamu, na nakupenda kwa hilo, lakini usirudie. Ukinificha jambo, mimi hapa kitandani nabuni baya zaidi ya hilo.

Sasa nisikilize, maana kwa hili mimi ndiye mtaalamu. Wakiwa wapya hula mayai yao ya mwanzo. Karibu wote wanafanya hivyo. Dume bado hajajua kazi yake, anashtuka, anayaona mayai kama chakula. Pale hotelini tulikuwa na wawili walioyala mara nne. Nililia mara ya kwanza, mwenzangu Klementina akanicheka. Mara ya tano dume alisimama pale chunguni akapepea mayai kwa mapezi siku nane bila kuondoka. Hakuna aliyemfundisha. Hakuna aliyekuwa amekosea hapo mwanzo pia, Baba. Ilikuwa bado tu.

Nimeingia wiki ya ishirini na mbili. Sijawahi kufika huku. Jana kitu kilinipiga teke saa ya chakula cha mchana, na wali wa Shangazi ukamwagika wote kwenye shuka.

Marsi


Ifakara
11 Aprili 2025

Mwanangu mpendwa,

Marahaba sana. Pole kwa uchovu wa kulala, najua hukuumbwa kwa ajili hiyo.

Ni kweli. Waliyala mara mbili. Mara ya kwanza niliyaona asubuhi, mekundu kama chembe za mtama, yamejipanga kwenye ubavu wa chungu. Nilimwita Mama Digna dirishani. Tuliporudi mchana palikuwa peupe. Nikajua ni ile chumvi yangu, nikajua ni mimi nimeharibu. Niliketi jikoni muda mrefu. Mara ya pili sikumwita mtu. Nilikuwa nimeanza kukuandikia barua ndefu, nikaichana, nikaandika ile uliyoipata.

Sikujua kwamba ni kawaida. Nimesoma maneno yako nikiwa nimesimama pale ofisi ya mabasi, na karani akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, ni kinyume.

Sasa sikia. Wametaga mara ya tatu, leo ni siku ya saba. Umeme ulikatika juzi na kuja leo, kipuliza cha betri kimefanya kazi yote, Mama Digna kaninunulia betri nyingine bila kutumwa. Yule dume mdogo muoga hatoki kwenye chungu. Anapepea. Yai likifa analiondoa kwa mdomo na kurudi kupepea. Jike akija kumsumbua anamfukuza, yeye, ambaye alikuwa anatetemeka. Leo nilivaa miwani yangu na juu yake ile ya mama yako, nikasogea. Mayai yana macho. Vijicho viwili viwili, vya fedha, vinanitazama.

Lile jambo lingine siwezi kuliandika. Kalamu inafika pale inasimama. Baba yangu hakuwahi kuliongea na dada zangu, na mimi sijui linaanziwa wapi. Ila nikikuandikia habari za chungu, soma yote mawili, mama. Nikiuliza mayai yanaendeleaje, elewa kwamba nauliza.

Yanaendeleaje?

Baba yako,
Egidius


Ifakara
25 Juni 2025

Kwa mjukuu wangu, mikononi mwa mama yake

Hujambo, mchumba wangu. Baba yako Beno alinipigia simu Jumapili akiwa analia, sikuelewa neno hata moja mpaka Brigitha alipomnyang'anya simu. Akasema ni wa kike. Akasema umewahi kwa wiki tano na una kilo mbili na robo, unapumua mwenyewe, unanyonya, na mama yako anakubeba kifuani ngozi kwa ngozi kama manesi walivyomwelekeza. Kilo mbili na robo si haba. Vifurushi vya uzito huo nimevipeleka hadi Mahenge kipindi cha masika na vikafika.

Wewe hujui kusoma, kwa hiyo mama yako atakusomea. Na akikusomea, atasikia. Hapo hakuna mila iliyovunjwa, babu na mjukuu wanaruhusiwa kuambiana lolote.

Basi nakuambia wewe. Niliogopa tangu Januari. Kila basi la Dar lilipoingia nilienda kuulizia boksi, na nilipolipata niliogopa kulifungua. Ile siku ya mayai ya kwanza nililia, nimemwambia mama yako kwamba niliketi jikoni, sikumwambia kwamba nililia. Zile mara mbili alizopoteza, mimi nilijua, bibi yako aliniambia zote mbili. Sikumpigia simu. Nilikuwa nasubiri mtu aniambie kama inafaa. Nilitaka kumuuliza kama amekula, kama anaumwa, kama analala, nikamuuliza mvua. Nilikosea, na nilijua nakosea wakati ule ule. Mwambie hivyo.

Samaki hawajambo. Dume hajala yai tena tangu Aprili. Mama Digna nimemwachia ufunguo na jagi la maji matupu, na ameapa kutowagusa kwa mafuta.

Nakuja Jumamosi kwa basi la kwanza. Nikifika nitakushika wewe kwanza. Sijamshika mama yako mkono tangu siku tuliyomzika bibi yako, na hata siku ile ni yeye aliyenishika. Wewe ukiwa katikati yetu, nadhani nitaweza.

Babu yako,
Egidius