Sura ya Mwisho Inakungoja

Matondoni, Lamu
Mfungo Mosi, tumeshamaliza funga ya siku sita

Kwa ndugu yangu wa baba na mama, Abdulwahid,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba barua hii ikukute na afya njema, wewe na mkeo Nasreen na watoto, na kwamba lile goti lako limekubali kupanda ngazi za duka bila kunung'unika. Sisi huku hatujambo, alhamdulillah. Sukari yangu imetulia tangu Ramadhani iondoke na kaimati zake. Ukuta wa kaskazini wa nyumba ya baba tumeupiga chokaa upya, na yule paka uliyeapa kwamba hataiona Idi ameiona, tena kwa kunenepa.

Utajiuliza kwa nini nimeshika kalamu na simu ninayo. Kwenye simu hunikatiza kabla sijafika nusu ya neno. Nikikuandikia ujumbe, kabla ya adhuhuri umeshafika kwenye kundi la ukoo na shangazi zetu wameshaujaza vikaragosi vinavyolia. Karatasi hairushwi. Basi isome hadi mwisho kabla hujampigia mtu yeyote. Nina mambo mawili. La kwanza, sitatia sahihi kitabu hiki kichapwe kikiwa na ile sura ya mwisho. La pili ni ombi ambalo, kwa sheria na kwa damu, sina mwingine wa kumpelekea ila wewe. Nitalifikia. Unanijua, sifiki mahali bila kueleza ndia niliyopita.

Nianze na kitabu. Wewe ndiye uliyetoka kwenye semina ya hoteli huko Mombasa, kitambulisho kikining'inia shingoni, ukanieleza kwamba ninachofanya sebuleni kwangu kila Jumatano kina jina: ni ukocha, na mfululizo wa masomo yangu ni programu, na ni dhambi kuiacha ife pamoja nami. Nilikucheka. Lakini nilikubali, kwa sababu nimesomesha maisha yangu yote na najua kwamba somo lisiloandikwa huondoka na mwalimu wake.

Nikukumbushe somo lenyewe, maana nashuku hujawahi kulisikiliza. Mwanamke wetu akifiwa na mume hukaa eda. Siku ya kutoka huogeshwa, hufukizwa udi, huvishwa nguo mpya, na wenzake humsindikiza kwa dua mpaka mlangoni. Kisha kila mtu hurudi kwake kupika. Hakuna anayemwambia, akishavuka kile kizingiti, aseme nini na amwambie nani. Mimi naanzia hapo kizingitini. Kanuni yetu ni kwamba haja haitumwi mtu. Mjane wetu akitaka kitu humtuma mtoto, au hukohoa, au huacha sufuria tupu mahali itakapoonekana. Mimi humtaka aende mwenyewe, asimame mbele ya anayeweza kumpa, aitaje haja yake kwa sentensi moja, kisha anyamaze, asiongeze samahani. Na mwalimu hutangulia: simpeleki mtu nisikothubutu kwenda.

Utamkumbuka Fahima wa Ndau, yule mwembamba mwenye ulimi kama wembe. Alipokuja kwangu ulimi huo haukuwapo. Cherehani yake ilikuwa imebaki kwa shemeji zake, na kwa muda mrefu alikuwa akiwatuma watoto wakaulize kama ami yao ameshamaliza kuitumia, ingawa ami huyo hajui hata kutunga uzi. Tulilifanyia mazoezi neno lake hapa mkekani mpaka jirani akagonga ukuta. Akapanda boti kurudi Ndau, akasimama uani kwa shemeji zake, akasema kwamba cherehani ni yake na amekuja kuichukua. Wakamuuliza kama Matondoni siku hizi wanafuga maimamu wa kike. Hakuwajibu. Ule unyamavu, alinihadithia baadaye, ulikuwa mgumu kuliko kusema. Mwishowe mama mkwe wake ndiye aliyewaambia wanawe wainyanyue waipeleke botini, kwa kuwa yule mwanamke hatoki pale na wali unaungua.

Hayo ndiyo uliyomleta Quinter ayaandike. Nakiri nilimtilia shaka. Binti wa Kisumu, suruali na viatu vya kukimbilia, kazi yake mwandishi kivuli, yaani anaandika kitabu kisha kinatoka na jina la mwingine. Nilimuuliza kama haoni uchungu. Akanijibu kwamba mimi ninakaa Matondoni, niende ufukweni nikaangalie kama jina linaloandikwa ubavuni mwa jahazi ni la fundi aliyelichonga. Siku hiyo nilimwongezea chai.

Amefanya kazi yake kwa adabu. Alikaa mkekani na wenzake, akafundishwa kufunga leso ikamwanguka, akafundishwa tena. Wanawake waliotaka majina yao yasitiriwe aliyasitiri bila kubishana. Kila alipomaliza sura aliisoma mbele ya darasa, na wenyewe wakamsahihisha. Aliandika kwamba Fahima alitetemeka kwa hofu, Fahima akamwambia afute, alitetemeka kwa njaa, hakuwa amekula tangu alfajiri. Akafuta. Nilipozisikia zile sura niliisikia sauti yangu mpaka pale ninapovuta pumzi. Quinter mwenyewe, ambaye huniita Madam kama vile ninamsomesha darasa la tano, alisema hii kitu ni moto. Nikamwamini.

Kisha, Ramadhani ikiwa inabisha hodi, ikaja sura ya mwisho.

Aliisoma kwa sauti ya chini, hakututazama. Sura inasema kwamba Mwalimu Mwanamkisi, tangu alipofiwa na mumewe Abdulkadir, hajatamani hata kivuli cha mwanamume mwingine. Kila Ijumaa huenda kuketi kaburini kwake. Moyo wake aliuzika pamoja naye, na amani ya moyo huo uliozikwa ndiyo anayowagawia wajane wenzake.

Fahima akauliza, kwa heshima zote, Mwalimu alifariki lini, mbona yeye hakualikwa matangani, na pilau aliila nani. Abdulwahid, wanawake walicheka mpaka mmoja akashika ukuta uliokuwa haujakauka chokaa. Na mimi nilicheka. Kisha kicheko kikaniisha, nikamuuliza Quinter maneno hayo aliyatoa wapi, kwa kuwa kwangu hakuyatoa. Akasema ulimpigia simu. Ulimwambia kwamba mwenye kumlipa ni wewe, na kwamba wasomaji wa mjini hupenda kitabu kiishe kwa kitu cha kutuliza. Alikuwa na haya, maskini. Alisema katika kitabu kizima hiyo ndiyo sura pekee aliyoiandika bila kunisikia.

Sidai ulikuwa na nia mbaya. Ulimpenda Abdulkadir, ndiye aliyekufundisha kuogelea, na ndiye aliyekuficha siku ile ulipovunja dirisha la madrasa. Nilimpenda kuliko ulivyompenda wewe, na sijaacha kumwombea. Lakini siketi kaburini kila Ijumaa, na wewe mtoto wa huku unajua kwamba wanawake wetu hawana desturi hiyo. Na nilipomzika mume wangu sikuuzika ulimi wangu.

Madrasa tulisoma moja, ingawa fimbo ulikula nyingi zaidi. Bila shaka unaikumbuka hadithi ya Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, tuliyokaririshwa. Bikira huombwa idhini, na kunyamaza kwake ndiyo idhini. Mjane naye huombwa, lakini kwake kunyamaza hakutoshi, lazima atamke. Nilipokuwa mdogo niliiona kama kanuni ya makadhi tu. Nilipokuwa mjane niliielewa. Dini imemtazama mwanamke aliyekwisha kuijua dunia, ikasema huyu asisemewe. Darasa langu lote limesimama juu ya hadithi hiyo. Sasa unanitaka niweke jina langu kwenye kitabu ambacho ndani yake wajane wote wanasema, isipokuwa mwalimu wao. Siweki. Ukikichapa hivyo bila sahihi yangu, nitasimama kwenye huo uzinduzi wako, mbele ya wageni na vipaza sauti, niwaambie niko hai.

Sasa nifike nilikokuwa nikienda.

Unamjua Bwana Hamdun wa Kililana, aliyekuwa bwana shamba wa serikali, sasa amestaafu na analima simsim kwenye kipande kilichombakia baada ya bandari kuchukua chake. Ni mgane, mkewe alifariki nawe ulikuja kuzika. Mwezi wa Rajabu alivuka kuniletea ndimu. Akasimama barazani, akakataa kuketi, akasema amekuja mwenyewe kwa sababu amesikia kwamba nyumba hii haipokei wajumbe. Akasema anataka kunioa. Punda wa jirani akalia wakati huo huo, nikamwambia sikusikia, na Bwana wa watu ikambidi aliseme tena kwa sauti, mbele ya darasa zima lililokuwa limejibana nyuma ya pazia.

Na mimi, mwenye kanuni, mwenye kitabu, nikanyamaza. Nikaingia jikoni nikaanza kuosha vikombe visafi. Akangoja. Kisha akasema kutoka kule barazani kwamba kama ningekuwa msichana angekwenda zake na furaha, lakini kwa mjane kunyamaza hakuhesabiki, kwa hiyo atangoja neno, liwe ndiyo au liwe la. Akaaga. Ndimu zikabaki.

Neno hilo lilinikaa kooni hadi siku ile ya sura yako. Baada ya kucheka na kukasirika, niliwatazama wanawake wangu, wote wananitazama. Hawakuwa na haja ya kunikumbusha kwamba mwalimu hutangulia. Asubuhi yake nilimchukua binti yangu Israa tukavuka kwenda Kililana. Tulimkuta Bwana Hamdun akipeta. Nilisimama mbele yake nikasema nimekubali anioe, kisha nikanyamaza, bila samahani. Ungo ukamtoka mikononi, simsim yote mchangani. Akainama kuiokota, mimi nikainama kumsaidia, na mtu yeyote anayeijua simsim anajua kwamba haiokotwi. Israa alicheka mpaka tukafika bandarini.

Basi haja yangu hii hapa, ndugu yangu: nataka uwe walii wangu.

Baba hayupo, babu hayupo, na kwa madhehebu yetu mwana hamwozi mama yake. Umebaki wewe. Ukiweza, njoo uketi ushikane mkono na Bwana Hamdun. Goti likikukatalia safari, mwandikie kadhi umpe uwakala. Ukikataa, utaje sababu inayokubalika kisheria, maana usipokuwa nayo sheria haimwachi mwanamke mlangoni: kadhi mwenyewe atasimama mahali pako, na mahali pako ni hapo tu katika dunia nzima ambapo sipendi kumwona mtu mwingine.

Utasema umri wangu. Umri ninao, nao haujanifunga mdomo. Utasema watu watasemaje. Watu wa Matondoni wamekwisha kusema, wamechoka, wamerudi kwenye bei ya samaki. Utasema wasomaji. Bi Khadija alikuwa mjane, na posa ilitoka kwake yeye. Kweli alimtuma mtu, usinikamate hapo, lakini haja ilikuwa yake na hakuionea haya.

Quinter alijitolea kuniandikia barua hii. Alisema ameshanizoea, wewe usingeijua tofauti. Naamini usingeijua. Nilimshukuru, nikamwambia kitabu aandike yeye, lakini neno hili likiandikwa na kivuli litakuwa nimemtuma mtu. Ndiye atakayekukabidhi bahasha hii akirudi Mombasa. Hajaisoma. Mpe chai, umsikilize bila kumkatiza.

Ameniuliza tu ile sura ya mwisho aimalizie vipi, nami nimemwambia inakungoja. Tumekubaliana na Bwana Hamdun ndoa iwe mwisho wa Mfungo Pili, mwezi ujao, inshallah. Siku hiyo ama itaandikwa kwamba nduguye Mwanamkisi alikuja akamwoza dada yake, ama itaandikwa kwamba hakuja, akamwoza kadhi. Yoyote itakayokuwa, ndiyo nitakayoitilia sahihi.

Nisalimie Nasreen, umwambie leso zake za Idi zimenifika na ile nyekundu nimeiweka kwa siku maalumu, atajua ipi. Wabusu watoto. Israa anakusalimu. Fahima naye anakusalimu, anasema ukija usile kwanza njiani, safari hii pilau ipo. Mwenyezi Mungu akuhifadhi na akulainishie goti na moyo.

Ni mimi dada yako, niliye hai,
Mwanamkisi