Kitsa, Aliyefuata Mapacha

Jumatatu, 8 Septemba 2025
Bilali dereva amerudi Butembo kutoka Kayna na bidoni tupu, yale madumu ya mafuta. Mimi nauza mawese, donc hakuna anayeuliza kwa nini bidoni zinashushwa kwangu. Kwenye bariyeri za barabarani askari wanachungulia, wanaona tope jekundu la mafuta, hawataki kuchafua mikono. Ndani ya tope kuna mfuko wa plastiki. Ndani ya mfuko, karatasi za mdogo wangu Kitsa, aliyebaki kule.

Anaandika vizuri kuliko mimi. Nani alibebeshwa mizigo kwa nguvu. Shamba la nani limevunwa na wageni. Mzee wa Luofu aliyezikwa bila misa, na mahali alipozikwa, ili watoto wake wakirudi wampate. Waasi walioikalia Kayna wanasema hakuna kilichotokea. Sawa! Sisi tunaandika.

Jumatano, 10 Septemba
Kwa Gérard, kunakili. Mwalimu wetu wa Kayna, mkimbizi kama mimi, parrain, yaani msimamizi, wa ndoa ya Kitsa. Kazi hii ni wazo lake. Mimi nasoma, yeye anaandika, kisha za Kitsa tunazichoma. Nakala za zamani ziko Beni, kwa Yasmine, mke wa Bilali. Za karibuni ziko kwenye kantini ya Gérard, sanduku lake la bati.

Hatuandiki jina la ubatizo wala la ukoo. Jina la uzazi tu, la nafasi ya kuzaliwa. Kila nyumba ya Wanande ina mtoto wa pili wa kiume, kwa hiyo kila nyumba ina Kambale wake. Wamkamate yupi?

Lakini leo tulipofika kwenye jina la shahidi mwenyewe nilisita. Kitsa ni mtoto anayefuata mapacha. Mapacha ni mimi na marehemu kaka yangu, na mtaani kwetu hapakuwa na wengine. Nikasema tumwandike Kavira, jina la wasichana wengi. Gérard akavua miwani.

“Mama Victoire, shahidi hapana kubadilishwa jina. Siku ya kesi batauliza, huyu Kavira ni nani? Tutajibu nini?”

Nikaona ana haki. Msomi yule. Nikasoma, akaandika: Kitsa.

Jumapili, 14 Septemba
Gérard hakuonekana misani. Mke wake anasema ameenda Beni, mjomba ni mgonjwa. Nimewaombea wote wawili.

Jumanne, 16 Septemba
Mungu wangu.

Bilali alipitia kwangu asubuhi. Hakukaa. Alisema mwalimu wetu hakuwa Beni, yeye alimwona Kanyabayonga, ndani ya jeep ya wale watu. Nikasema basi wamemteka, maskini!

“Alikuwa anaikala mbele,” Bilali akasema. “Na mutu mwenye banakamata, hapana kumupatia kofia.”

Nilikimbia mpaka kwa Gérard na aproni yangu ya mafuta. Mke wake alikuwa anafunga sufuria kwa kitenge. Akaniambia bila aibu: wale watu wamempa bwana wake uchefu, uongozi wa mtaa, wamemrudishia nyumba, na wao wawili wamechoka kulala kwa watu. Akanikaribisha chai. Chai! Hata mimi nimechoka. Nalala chini kwa wifi yangu tangu mwaka jana, uchovu hanifundishi yeye. Nikauliza kantini iko wapi. Akatazama sufuria zake. Papa Gérard alienda nayo, akasema, si ni mwandiko wake?

Kikulacho ki nguoni mwako. Na nguo zake mimi ndiye niliyezifua, mke wake alipokuwa na malaria.

Sasa naelewa kwa nini hakutaka Kavira. Au siku ile alikuwa bado mtu wetu? Sijui. Sijui lipi linaniuma zaidi.

Jumatano, 17 Septemba
Simu ya Kitsa haipatikani. Kule réseau ya simu iko juu ya kilima tu. Bilali amerudi Beni, hatashika tena njia ya Kayna. Gérard anamjua uso na gari. Simlaumu, ana watoto.

Nimepiga. Nimepiga tena.

Ijumaa, 19 Septemba
Kitsa amepiga mwenyewe! Alikuwa na furaha, anacheka.

“Yaya, parrain amefika! Njo yeye chef wetu sasa. Ameniita wa kwanza, anasema nisiogope kitu.”

Nikamwambia toka hapo, shuka kwa njia ya mashamba, usipite nyumbani. Upepo ulikuwa mwingi. Akasema hasikii muzuri, lakini parrain yuko naye hapo, anataka kunisalimia.

Sauti ileile ya mwalimu, ya upole. Akauliza biashara, akauliza afya ya wifi. Kisha akashusha sauti.

“Mama Victoire, njoo na zile za Beni. Zote. Kitsa atakungojea hapa kwangu.”

Za Beni zina watu wa Luofu, wa Kayna, wa Kanyabayonga, hai na wafu, na hao hai wote anawajua, anaweza kuwaita mmoja mmoja. Mdogo wangu ni mmoja.

Nilimsikia Kitsa nyuma yake, anamuuliza kama nimekubali kuja, ili aanze kuloweka maharagwe.