Vibuyu Viwili Nilivyovunja kwa Makusudi

Shamba la mkonge, upande wa Voi
Jumapili mchana

Kwa dada yangu mpendwa Rebeka,

Chamge? Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, wewe na Mama na watoto, na kwamba lile goti la Mama limekubali tena kupanda kilima. Mimi ni mzima, ukiondoa miba. Wewe umezoea chai, mtu anaingia na mikono miwili na kutoka na mikono miwili. Jani la huku lina ncha kama sindano ya daktari, na mvua sikumbuki tuliiona mwezi gani. Mama aliniita Kipruto kwa sababu nilizaliwa safarini. Naona siku hiyo hakunipa jina, alinipa kazi.

Nimepandishwa cheo. Sikati tena mkonge, sasa natia grisi mashine ya kukamua. Msimamizi aliniona nikisoma maandishi ya mkebe wa grisi, akafikiri nimesoma sana. Sikumwambia kwamba niliishia darasa la nne, na kwamba hayo mengine nilifundishwa na magazeti ya kufungia sukari.

Ile barua yako ya mistari sita, uliyoandika ulipomaliza masomo ya ngumbaru, nimeikunja na kuikunjua mpaka imekatika katikati. Sikutegemea katika maisha yangu kupata barua ya mkono wako. Kwa hiyo hii ni ya kwanza kutoka kwangu utakayoisoma mwenyewe, na unisamehe kwamba si ya furaha. Isome peke yako. Neno likikushinda, liruke, uendelee. Usimpelekee Mwalimu Ezekiel akusomee, kama tulivyozoea.

Ndiyo sababu sikuipitisha kwenye sanduku la posta la kanisa. Ufunguo anao yeye. Nimempa Nyakundi, ambaye tunafanya kazi pamoja, anaenda likizo kwao Kisii na Sotik ni njiani. Kama alikuuliza mwanao Kipkoech yuko wapi hata kabla hajakaa, usishangae, nimemtuma mimi. Mpe chai. Yaliyomo humu anayajua.

Tena nakuandikia Kiswahili, si kwa sababu ya ngumbaru peke yake. Nilijaribu kwa lugha yetu mara tatu. Kwa lugha ya Mama maneno haya hayatoki.

Mwezi uliopita nilipata barua ya Mama. Maneno ya Mama, mkono wa Mwalimu, kama siku zote. Humo Mama alisema, au alisemeshwa, kwamba tangu Mwalimu astaafu na kununua shamba hapo Ndanai amekuwa baraka kwa kijiji, mtu mcha Mungu, mnyenyekevu. Nilicheka kidogo. Si kila siku unaona mtu akiandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba yeye ni mnyenyekevu. Kisha nikateremka mistari ya chini, kicheko kikaisha. Ati Kipkoech wako ahamie kwa Mwalimu, alale huko, apate taa ya kusomea, maana tangu mume wako afariki mtoto hana mwanamume wa kumwongoza. Na kwa kuwa kwetu mtoto hatolewi bila neno la mjomba, ndugu ya mama yake, basi mnaningoja mimi niseme ndiyo.

Yaani yule mtu aliniomba mimi ruhusa. Aliketi pale kwa Mama, akachovya kalamu, akaniomba mimi.

Sasa nikuambie, na wewe ukae chini.

Unakumbuka tulipokuwa laini za juu, zile nyumba za wachuma chai kule Kericho, jinsi Mwalimu alivyonichagua. Watoto arobaini darasani, na mimi ndiye wa kufuta ubao. Nilipougua malaria alinibeba kwa ile baiskeli nyeusi mpaka zahanati, mvua inanyesha, yeye amenifunika koti lake. Hilo nalo ni kweli, siwezi kulifuta. Alinishika mkono akanifundisha kuandika jina langu. Hii K yenye mguu mrefu unayoiona hapo chini ni K yake. Nimejaribu kuibadilisha, mkono unakataa. Nilimpenda kuliko Baba. Baba alikuwa anarudi kiwandani amechoka, hana maneno, na Mwalimu alikuwa na maneno mengi.

Na kwetu mwalimu akimpenda mtoto wako, humwachi hivi hivi. Mama akaanza kutengeneza mursik, maziwa ya kugandisha, kwa ajili ya Mwalimu. Kila Jumamosi anasugua kibuyu kwa mkaa, anajaza, wewe unanifunga mkanda begani, mimi napeleka. Majirani walituonea wivu. "Huyu wenu atakuwa karani," walisema.

Jumamosi moja Mwalimu alipokea kibuyu, akaniambia niingie, akafunga mlango. Nilikuwa na miaka tisa. Zaidi ya hapo sitaandika. Wewe ni mama, utaelewa. Alipofungua aliniambia hii ni siri yetu watatu, mimi, yeye na Mungu. Nilishangaa Mungu alikubali lini.

Jumamosi iliyofuata nilimwaga maziwa yote kwenye mtaro wa chai, nikarudi nikasema nimejikwaa. Ile nyingine nikavunja kibuyu. Kile chenye shanga, ambacho Mama alipewa na mama yake siku ya arusi. Sikujikwaa, Rebeka. Nilichagua jiwe pale mtoni. Nilipiga mara mbili, maana kilikuwa kibuyu kizuri, hakikutaka kuvunjika.

Mama alinichapa mpaka fimbo ikakatika. Wewe ulinishika miguu. Sikulaumu, ulikuwa na miaka kumi na minne, uliambiwa shika, ukashika. Ulininong'oneza, "Kwani macho yako huwa unayaacha wapi, wewe?" Nilitaka kukuambia. Kisha nikaona nitaanza na neno gani?

Nilipovunja cha pili, Mama alinishika mkono akanipeleka mwenyewe kwa Mwalimu kuomba msamaha. Naye akanisamehe. Aliniwekea mkono kichwani akaomba sala, Mama analia kwa furaha. Akamwambia, "Mama Kipruto, usimpige tena. Huyu niachie mimi." Hapo nikajua kwamba hata nikivunja vibuyu vyote vya Wakipsigis, njia ni ile ile. Nikaacha kuvunja. Iliendelea mwaka na nusu.

Kisha nikasema shule imenishinda, kichwa changu kizito. Nilikuwa wa kwanza darasani, na watu wote waliniamini.

Miaka yote hiyo nilifikiri ni mimi peke yangu. Nilifikiri kuna kitu kwangu alichokiona ambacho wengine hawana, nikawa nakitafuta kwenye kioo. Mpaka mwaka huu, jikoni kwa wafanyakazi, ndipo Nyakundi akaniuliza nilisoma wapi.

"Laini za juu, Kericho," nikasema. "Kwa Mwalimu Ezekiel."

Alikuwa amekata tonge la ugali. Mkono ukasimama.

"Yule wa baiskeli nyeusi?"

"Huyo huyo. Kwani na wewe ulikuwa huko?"

"Baba yangu alichuma chai huko miaka sita." Akarudisha tonge kwenye sahani. "Alikuwa anakutuma maji?"

"Maziwa. Mama ndiye aliyenituma."

Nyakundi akasogeza sahani pembeni. Kisha akauliza, "Uliacha shule mwaka gani?" Nikamwambia. Akahesabu kwa vidole, polepole, kama mtu anayetumaini hesabu itakataa.

"Basi," akasema, "mimi ndiye niliyekuja baada yako."

Hatukula tena. Tulikwenda kukaa nyuma ya bohari, watu wazima wawili, yeye ana watoto wanne, tukalia mpaka king'ora cha kazi kikalia nacho. Nilimwomba msamaha. Aliniuliza, "Wa nini, ndugu yangu?" Nikamwambia, nilipoondoka nilijua atatafuta mwingine, na niliona nafuu kwamba si mimi. Hilo ndilo linaloniamsha, dada, kuliko yale mengine.

Sasa rudi kwenye ile barua. Chini kabisa, baada ya salamu za Mama, Mwalimu ameongeza maneno yake mwenyewe: "Kijana ana akili, ila mikono yake mizembe kama ya mjomba wake. Ameshamwaga maziwa ya bibi yake mara mbili njiani kuja kwangu." Ameandika kama utani. Nilisoma nimesimama kando ya mashine, msimamizi ananipigia kelele niizime, na mimi sisikii.

Mara mbili, Rebeka.

Kwa hiyo usiningoje mimi. Mtoto asipeleke maziwa tena, si Jumamosi hii, si siku yoyote. Akitumwa na Mama, beba wewe, au mwaga wewe. Usimuulize kwa ukali, wala mbele za watu. Mpe chakula, kaa naye, fanya kazi ya mikono pembeni yake usimtazame usoni. Akikuambia, mwamini. Asipokuambia, mwamini hivyo hivyo.

Mama atasema naongopa, au kwamba watu wa pwani wameniharibu. Mwache aseme. Atakapofikiria vile vibuyu, ataelewa, na hapo usimwache peke yake. Kanisa litasema Mwalimu amesomesha nusu ya makarani wa Kericho. Ni kweli, aliwasomesha. Mimi mwenyewe nisingeweza kumshtaki kwa maandishi kama asingenifundisha kuandika.

Mwisho wa mwezi nitapata ruhusa. Mimi na Nyakundi tutakwenda kwa wazee wa kanisa na kwa chifu, tuseme kwa midomo yetu. Wawili wanaweza kuitwa waongo wawili. Lakini Nyakundi anamjua wa tatu, yuko Kapsoit, fundi wa viatu, na anapita kwake kabla ya kufika kwenu. Naogopa, sikufichi. Nina miaka zaidi ya thelathini, na nikifikiria kusimama mbele ya yule mzee, najiona tena mtoto wa miaka tisa, kibuyu begani.

Nisalimie Mama, umwambie nampenda na nitakuja. Nisalimie shangazi yetu mkubwa, yule asiyekubali kwamba Voi iko Kenya. Msalimie jirani yetu mzee anayetuchungia ng'ombe, na binti zako wawili, waambie mjomba anawaletea kamba za katani za kurukia.

Na Kipkoech nimemwacha wa mwisho ili umsomee wewe mwenyewe, kwa sauti yako. Mwambie hana kosa lolote. Mwambie mjomba wake ameulizwa, na amesema hapana, na kwetu neno la mjomba halivukwi na mtu, awe mwalimu, awe mzee wa kanisa. Mimi nilipokuwa na umri wake nililitafuta sana neno hilo, sikuwa na mtu wa kulisema kwa ajili yangu.

Yeye anaye.

Ndimi ndugu yako uliyemfunga mkanda begani,
Kipruto