Maman Anataka Nicheze Kanisani, Mguu Haujashikana

Mpendwa Maman Séraphine,

Naomba msaada wako, nina furaha na hofu kwa pamoja, mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, bado nasoma sekondari, na kwa muda mrefu kifundo cha mguu wangu wa kulia kiliuma hata mapumziko nikawa nabaki darasani na vitabu, majirani wakasema nimelogwa, kumbe gegedu, ule utando laini unaofunika mfupa ndani ya kiungo, lilikuwa limebomoka pamoja na mfupa wa chini yake, daktari akanipasua, akachukua gotini mwangu kipande cha mfupa chenye gegedu lake, mahali pasipobeba uzito, akakipandikiza kwenye kifundo, na nikiwaza kwamba goti langu limeusaidia mguu wangu nakosa maneno ya kumshukuru Mungu, daktari, na Maman, mama yangu mzazi, aliyelala sakafuni kando ya kitanda changu.

Shida ni Jumapili. Maman ametayarisha ibada ya shukrani, kwaya imejifunza wimbo, naye ananiambia, «Olive mutoto wangu, magongo utaacha ku mulango, utaingia unacheza, bale balisema bamekuroga bafunge kinywa!» Kaka yangu Élie anacheka: «Ukianguka, tutasema ni Roho Mutakatifu.» Lakini daktari amenikataza kuukanyagia mguu huu mpaka kipande kishikane. Nilimwambia Maman kwa sauti ndogo, akajibu, «Imani yako iko wapi?» Nitamkataliaje aliyenihangaikia hivyo?

Olive, Nguba

Olive mwanangu,

Pole, na hongera. Sasa nikukaripie. Mimi usiyenijua umenieleza gegedu nikaelewa, lakini mama yako umemnong'oneza! Yeye anadhani daktari amemaliza kazi. Mweleze leo, kwa sauti: kipande bado hakijashikana, ukikikanyagia mapema kinaweza kulegea, na utapasuliwa tena. Akibisha, mpigie daktari, umpe simu mkononi.

Nawe Maman wa Olive, kama unatusikiliza redioni, asante kwa kulala sakafuni. Lakini mguu wa mtoto si jibu kwa majirani. Na kumtii daktari si kukosa imani.

Olive, Jumapili ingia na magongo yako, keti mbele, uweke mguu juu ya kiti. Toa ushuhuda ukiwa umeketi, hata ukiusoma kwenye karatasi. Wimbo ukianza, mwambie Maman acheze kwa niaba yenu nyote wawili. Shukrani ni yake pia, na miguu yake ni mizima.