Turubai la Akheri

Mjukuu wangu Elinipa,

Marahaba, ingawa shikamoo yako ilichelewa siku mbili. Redio ilipotangaza watoto tisa wameuawa kwa risasi katika mji wa ughaibuni unakofundisha, nawe simu hupokei, majirani hawakusubiri. Turubai likafungwa, ndizi zikaletwa, na Mama Yiamat akakulilia akitaja sifa usizo nazo. Eti ulikuwa mpishi!

Ndipo ukapiga. Nikatangaza, "Yu hai!" Balozi wa nyumba kumi, mwiko mkononi, akasema, "Mungu ashukuriwe, Mzee. Lakini chakula kimeshaiva."

Tukala tukimtazama rais wa huko kwenye televisheni. Alisoma rambirambi akiwa amesimama, kisha akaondoka.

"Hakukaa?" Balozi akashangaa. "Hata chai?"

Nimekuwa mgeni hapa Akheri miaka arobaini, na sijaona kiongozi akitoka msibani bila kukaa na wafiwa. Hata diwani wetu hukaa, mpaka sufuria ziishe.

Mama Yiamat akauliza majina ya wale watoto. Hatukuyajua, tukawalilia hivyo hivyo. Turubai bado lipo.

Nitumie majina yao, mama. Nawe nenda kwa wazazi wao. Usisome kitu. Kaa.

Babu yako,
Meshack