Motokaa Mpya ya Bwana na Ile Kuukuu

Geita, mgodini

Kaka yangu Yohana,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na kwamba miguu ya mama haimsumbui tena. Mimi afya ninayo, ila moyo haujatulia, na wewe mfua vyuma ndiwe utakayenielewa.

Unaikumbuka motokaa ya zamani ninayomwendeshea bwana mkubwa wa mgodi? Haiwaki mpaka uzungushe hendeli, na mlimani rejeta huchemka kama chungu cha makande. Sasa bwana amenunua nyingine kwa mfanyabiashara mmoja wa Maganzo. Nyekundu, inang'aa, na mbio zake usiseme: ile kuukuu ikifika mtoni, hii imekwisha kupita na vumbi lake limetua. Watu walishangilia. Mimi nikajiuliza, mbona muuzaji hakungoja hata chai? Na mbona imepakwa rangi mpya mpaka chini, mahali pasipoonekana?

Nikaingia uvunguni. Kwenye chuma kinachounganisha usukani na magurudumu nikaona kovu la kulehemu chini ya rangi. Nikamwambia bwana, akacheka.

"Unaona wivu kwa ajili ya bikizee wako, hiyo kuukuu!"

Siku ya kuwapokea wageni kiwanja cha ndege, Ibadakuli, nilikataa kuishika hiyo mpya. Masanja, dereva mwenzangu ninayepakana naye ukuta kwa ukuta, akachukua ufunguo. "Woga huo utakufukuzisha kazi," akaniambia. Nikamfuata na ile kuukuu, ya kubebea mizigo ya wageni.

Kufika mteremko wa pili alikuwa ameniacha mbali. Nilipomkuta, motokaa imelala ubavu korongoni, naye paja limevunjika. Nikampakia, nikaenda polepole hadi hospitali, naye analia njia nzima.

Nilidhani sasa wataniamini. Kumbe! Mgodini wananong'ona: "Alijuaje? Si ndiye aliyeingia uvunguni?" Bwana aliniita, akaniuliza mara tatu nilishika spana gani. Nikamwonyesha chuma chenyewe, kimekatika palepale palipolehemiwa, ndani kina kutu ya siku nyingi. Alikitazama sana, akakifungia kabatini, akasema nirudi kazini. Watu hakuwaambia neno.

Jana nilimpelekea Masanja uji hospitalini. Akanikazia macho.

"Ndugu yangu, kweli hukuigusa?"

"Haki ya Mungu, Masanja, niliitazama tu."

"Wabeja," akasema, ndiyo asante ya kwao Usukumani, akaupokea uji. Nilipofika mlangoni nikageuka. Mkewe alikuwa anaumwaga dirishani.

Nishauri kaka, nibaki au nirudi? Nisalimie shemeji Anjelina, mkeo, na babu mzaa mama, na shangazi yetu mwenye duka. Mama mwambie nakula vizuri. Haya mengine usimsomee.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye,
Benedikto